Karai la Mgiriki

Shwaa, shwaa, halafu kimya, halafu shwaa tena. Mchanga na maji vikizungushwa ndani ya chombo cha chuma, taratibu, na mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Sauti hiyo ilitoka kwenye stoo ya baa ya shangazi yangu kila Jumapili asubuhi, saa ambayo nusu ya watu wa machimboni walikuwa kanisani na nusu nyingine bado wamelala na viatu miguuni. Mimi niliisikia nikiwa nafunga kamba za viatu vyangu vya kanisani. Shangazi hakuwa mtu wa kanisani. Jumapili ilikuwa siku yake ya kuumwa kichwa, na kichwa chake kiliijua kalenda kuliko katekista.

Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa na wiki mbili tu tangu nitoke nyumbani, nimemaliza darasa la saba na sijachaguliwa kwenda popote. Jioni nikamuuliza ile ni sauti gani. Alikuwa anapanga chupa tupu kwenye kreti, wala hakugeuka.

"Ni Mgiriki huyo, anaosha dhahabu yake," akasema. "Mwache. Na stoo usiingie bila mimi."

Nikaamini. Nilikuwa mtoto wa kuamini. Niliamini redio, niliamini matangazo ya mafuta ya nywele, niliamini kwamba siku moja ile baa ingekuwa hoteli yenye feni ya darini na sakafu nyekundu inayong'aa mpaka mtu ajione meno, na mimi nimekaa mapokezi na kalamu sikioni. Mtu anayeamini hayo yote, kumwongezea Mgiriki mmoja si mzigo.

Jengo lenyewe lilikuwa la mawe, limesimama peke yake chini ya kilima katikati ya vibanda vya turubai, kama mtu aliyevaa suti kwenda palizi. Wakongwe walisema alilijenga Mgiriki wakati wa mkoloni, alipokuja kuchimba kilima chetu. Mchana aliwalipa vibarua wake, jioni akawauzia pombe palepale, na kabla jua halijazama mshahara ulikuwa umerudi mfukoni mwake bila hata kupata vumbi. Watu walilisimulia jambo hilo kwa uchungu mkubwa, wakiwa wamekaa humohumo, wanakunywa.

Kifo chake kilitegemea msimuliaji. Kwetu msimuliaji alikuwa mzee mmoja mchimbaji, mwenye meno mawili ya mbele na kiti chake maalumu pembeni mwa kaunta, na historia yake ilipimwa kwa chupa. Ukimnunulia moja, Mgiriki alikufa kwa malaria. Ukimnunulia mbili, alifukiwa na shimo. Kwa tatu aliuawa na mpishi wake kwa sababu ya mwanamke, na mzee alimjua huyo mwanamke, na alikuwa tayari kulieleza umbo lake. Jambo moja tu halikubadilika hata kwa kreti nzima: alizikwa chini ya sakafu ya ileile baa, mbele ya kaunta, kwa sababu hakutaka kulazwa mbali na kinywaji.

Uhuru ulipokuja jengo likawa ghala la pamba, baadaye likawa duka la kijiji. Enzi za duka la kijiji ndipo mzuka ulipofanya kazi kwa bidii kuliko wakati mwingine wowote. Sukari iliingia jioni, asubuhi imepungua. Khanga zilitoka na kufuli liko mlangoni. Sabuni ndiyo kabisa, ilikuwa hailali ndani hata siku moja. Kamati ikakaa, wajumbe wote wamevaa mashati meupe yaliyofuliwa yakatakata, ikaandika kwenye muhtasari kwamba upotevu umesababishwa na Mgiriki. Hakuna aliyeuliza marehemu anafanyia nini khanga zote hizo.

Halafu ikaja ruksa. Mitumba ikamwagwa minadani, sabuni zikarudi na rangi tatu tatu, na dhahabu iliyokuwa ikiuzwa kwa kunong'ona ikaanza kuuzwa kwa kupigiana kelele. Wachimbaji wakamiminika kilimani kwetu kutoka kila upande. Duka la kijiji likafa, maana kila mtu sasa alikuwa na duka lake, na kijiji kikabaki na jengo la mawe na mzuka ndani. Shangazi, mjane asiye na mtoto, akaenda kwa mwenyekiti akalikodi, akafungua baa. Wanaume wakamshangaa, mwanamke kuthubutu kulala nyumba yenye mfu. Aliwajibu mbele ya watu kwamba amelala na mume miaka kumi na mmoja, na huyo Mgiriki wao hata hakoromi.

Baa ile ilikuwa na sheria tatu, zote za Mgiriki.

Ya kwanza: asiyekung'uta nguo ndani hapewi kiti. Wanawake wote niliowajua maishani walikuwa wakiwafokea wanaume wakakung'ute nje. Wachimbaji wetu walikuja moja kwa moja kutoka kwenye vinu vya kutwangia mawe, weupe kuanzia kope hadi vidole, kama watu waliotumbukia kwenye gunia la unga. Shangazi alisema Mgiriki anapenda harufu ya kazi. Basi ungeona wanaume wazima, wenye ng'ombe na wake nyumbani, wamesimama katikati ya baa wanajipiga mapaja na makalio kwa juhudi ili wapewe bia. Akiona vumbi bado lipo kwenye kola, shangazi aliweka kaseti ya muziki wa haraka. "Chezeni, baba zangu," aliwaambia kwa upole, "mmechoka sana leo." Nao walicheza.

Ya pili: sakafu, ambayo ilikuwa ya udongo, hufagiliwa na yeye peke yake. Mimi niliruhusiwa kuosha glasi, kuhudumia, kumwagia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale, lakini ufagio aliushika mwenyewe, na alifagia polepole, akiinama mpaka chini ya kaunta, kama anayetafuta sindano. Taka hazikwenda jalalani. Zilikwenda kwenye pipa nyuma ya jiko, zikafunikwa. Taka za nyumba ya marehemu hazitupwi ovyo, alisema.

Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote. Sakafu ile isiguswe na saruji. Mgiriki akifungiwa chini, alisema shangazi, atatafuta pa kutokea, na patakuwa kwenye mashimo yenu. Wachimbaji wale walikuwa wanashuka ardhini kwa kamba ambayo mimi nisingefungia mbuzi, mkononi wana mshumaa na kichwani wana konyagi, na hawakuogopa. Lakini neno hilo liliwatoa jasho.

Aliyetaka saruji alikuwa bwana afya. Alikuja kutoka Bariadi kwa pikipiki kila baada ya miezi michache, na mkoba wa ngozi, na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja haiandiki. Siku zile mshahara wa serikali ulikuwa umebaki jina, kila mtumishi akawa na kitu chake cha pembeni. Cha kwake kilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, kwa jina la mkewe. Tangu duka lile lifunguliwe, maradhi yote ya upande wetu yakawa yanatibika kwa saruji. Bucha lina nzi, saruji. Watoto wanaharisha, saruji. Nilikuwa nangoja aje siku moja amwandikie mtu kikohozi nusu mfuko.

Kwa shangazi aliandika vilevile: baa isakafiwe, la sivyo ifungwe. Lakini kuingia ndani hakuwahi. Alisimama kizingitini, akanyoosha shingo kama jogoo anayechungulia jikoni, akakagua kutoka huko.

"Karibu ndani bwana afya, upime mwenyewe," shangazi alimwambia kila mara, na kiti amekifuta.

"Naona vizuri tu nikiwa hapa, mayu," alimjibu, yaani mama, kama watu wote walivyomwita.

Na alikuwa amesoma chuo. Akaandika kwamba ukaguzi umeahirishwa kwa sababu za kitaalamu, akawasha pikipiki. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: Mgiriki akiwepo, baa ipo na sakafu yake ni udongo. Mgiriki akiondoka, saruji inaingia siku hiyohiyo. Hilo nililiona wazi. Nisiloliona ni kwa nini shangazi, mwanamke mwenye akili namna ile, alipenda udongo kuliko sakafu. Mimi moyoni nilikuwa upande wa bwana afya. Nilikuwa na sakafu yangu nyekundu ya kuota.

Zaidi ya hapo, nilimhurumia Mgiriki. Nilifikiria amelala pale chini, wanaume wanamkung'utia vumbi usoni kila jioni na kumchezea juu ya kifua, wala hana ndugu wa kumlilia, wala wa kumsemesha lugha yake. Nikaanza kumsalimia nikiwa peke yangu. Mwangaluka, Mgiriki. Mwadila, Mgiriki. Kigiriki sikukijua, nikatumaini kwamba kwa miaka yote ile amejifunza Kisukuma. Soda iliyobaki chini ya chupa nilikuwa namwagia mbele ya kaunta. Wasichana wengine wa umri wangu walikuwa wanapenda wavulana.

Siku moja nikamuuliza yule mzee kama mtu wa namna ile hawezi kurudishwa kwao. Mzee akaitazama glasi yake tupu kwa huzuni. Nilipoijaza, akakumbuka. Alisema mtu akifia ugenini anashikiliwa na chombo chake cha kazi. Chombo kikirudi kwao, naye anafuata. Na huyu chombo chake ni karai alilooshea dhahabu, liko stoo kwa mayu, kila mtu analijua. Nikamuuliza kwao ni wapi.

"Huko," akanyoosha kidole upande wa Musoma. "Unapita Musoma, unapita Kenya, halafu unakata kushoto."

Haikupita muda shangazi akapata msiba kwao Sola, akaenda siku nne. Akaniachia baa na ufunguo wa stoo. Akasema nitoe kreti tu, nisiguse kingine. Nilitoa kreti. Halafu nikaliona. Lilikuwa karai la chuma la kizamani, zito, lenye ukingo uliopindwa, limeegemezwa ukutani kwa adabu. Kitako chake kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa kama sarafu, na kwenye pindo kulikuwa bado na unyevu. Nikasema moyoni, kumbe mizuka nayo ni misafi. Nimewaza mambo mengi ya kijinga katika maisha yangu, lakini hilo ndilo lililoyapita mengine.

Kesho yake asubuhi niliazima baiskeli ya mzee, nikalifunga karai kwenye khanga yangu nzuri, nikaendesha mpaka Nyashimo kwenye barabara kuu. Njiani nilimweleza Mgiriki kila kitu, mabonde, mashamba ya pamba, nani anamiliki ng'ombe wale, ili asije akaona anasukumwa tu. Basi la Musoma lilipofika, konda akauliza mzigo ni wa nani.

"Wa Mgiriki."

"Na yeye anapandia wapi?"

"Yumo ndani."

Konda akachungulia ndani ya karai, akanitazama mimi, akatazama jua. "Basi mwambie asisimame mlangoni," akasema, akalirusha juu ya keria. Nilimsihi alishushe kituo cha mwisho, aliache limeelekea mbele. Basi likaondoka. Nilipunga mkono mpaka vumbi likatua. Nililia kidogo pia, kwa furaha, kama mtu aliyemsindikiza bibi harusi.

Nilimwambia mzee peke yake. Nadhani nilimwambia saa sita. Saa nane machimbo yote yalikuwa yanajua, na habari ilifika Bariadi kabla shangazi hajafika kutoka Sola.

Aliporudi aliikuta baa imejaa, wanaume wanakung'uta nguo nje kwa mara ya kwanza, kwa sababu nani sasa wa kuvutiwa na harufu. Katikati ya sakafu, ndani kabisa, alisimama bwana afya. Alikuwa anapigapiga udongo kwa kisigino, huku na huko, kama mtu anayenunua godoro.

"Pole na msiba, mayu," akasema. "Na hongera. Nimesikia mpangaji wako amehama."

Akaeleza kwamba sasa sababu za kitaalamu zimeondoka. Wiki ijayo analeta saruji mwenyewe, na mafundi, na mchanga, kwa bei ya kirafiki. Shangazi asipotaka, ataleta kufuli badala yake. Mzee wetu akashuhudia kwamba amemsikia Mgiriki akiaga kwa masikio yake mawili, na ameaga kwa Kisukuma safi, amesema wabeja, asanteni. Watu wakanishangilia. Mmoja akaninunulia soda nzima. Nilisimama pale najisikia kama mkombozi, namtazama shangazi nikingoja afurahi.

Shangazi alicheka. Alicheka vizuri, akawashukuru wote, akasema karibuni sana. Halafu akaniita jikoni akafunga mlango.

"Karai liko wapi?"

"Musoma," nikasema. "Au mbele kidogo."

Akakaa juu ya pipa la taka taratibu, kama mtu mwenye mgongo mbovu. Akavua kitenge cha kichwani, akakikunja, akakifungua, akakikunja tena.

"Mwanangu," akasema, "Mgiriki ni mimi."

Akafunua pipa. Alichukua konzi ya zile taka za nyumba ya marehemu, akazimwagia maji kwenye sufuria ya ugali, akaanza kuzungusha. Shwaa, shwaa. Mchanga ukatoka kidogo kidogo kwenye ukingo, mpaka chini pakabaki alama nyembamba ya njano, kama mtu amechora kwa ncha ya kijiti. Wanaume walikuwa wanashinda wanatwanga mawe, wanaondoka na vumbi lake kwenye nywele na kwenye mikunjo ya suruali, wanakuja kwake, wanajikung'uta, wanacheza, wanakwenda. Yeye anafagia. Jumapili anaumwa kichwa. Bia zilikuwa zinajilipa zenyewe tu, alisema. Kodi ya jengo ilitoka sakafuni, dawa za mama yake zilitoka sakafuni, na hivyo viatu ninavyokwenda navyo kumwomba Mungu vilitoka sakafuni. Ikifunikwa kwa saruji, vumbi litafagiliwa nje kila saa na mhudumu yeyote, mbele ya macho ya watu, na yeye hana kingine. Atarudi Sola kulima shamba la kaka yake kama mtoto wa kuazimwa.

Nikamwambia basi tuwaambie ukweli, wamwonee huruma.

"Hawa?" akasema. "Kila suruali itakuja kudai cha kwake. Kabla ya saa sita watakuwa wamechimba mpaka kaburi la Mgiriki, na mimi nimo ndani yake."

Nililia sana, kilio cha kweli safari hii. Aliniacha nilie kidogo, halafu akanipa ndoo, kwamba wateja wana kiu na machozi hayauziki.

Wiki ile aliifagia sakafu asubuhi na jioni mpaka ikawa kama imenyolewa. Kukwangua zaidi hakuweza, maana sasa watu walikuwa wanaingia wakati wowote kuona mahali Mgiriki alipokuwa akilala, wanapiga stori, wanaonyeshana. Hakunigombeza hata mara moja. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Bwana afya akaja na pikipiki yake, lori dogo, mifuko ya saruji, mafundi wawili, na mabuti mapya ya mpira yanayofika magotini, ambayo sidhani kama saruji ilikuwa imeyaomba. Fundi yeyote anajua sakafu huanzia mwisho wa chumba ikarudi mlangoni. Mwisho wa chumba chetu ilikuwa kaunta, na mbele ya kaunta ndipo kaburi. Mgiriki alikuwa ameondoka, hilo kila mtu alikubali, lakini hakuna fundi aliyetaka kuwa wa kwanza kulithibitisha kwa mwiko. Wakasukumana kidogo, mwisho wakaanzia mlangoni. Wataelekea kaunta, walisema, halafu watatokea mlango wa jikoni. Bwana afya akasema huo ndio utaratibu wa kisasa.

Kufika adhuhuri walikuwa wamemaliza nusu. Niliitazama. Ilikuwa ya kijivu, yenye mabonde. Nilimuuliza bwana afya kuhusu ile rangi nyekundu, akasema nyekundu ni malipo mengine.

Shangazi alikuwa amechinja kuku. Akawaandalia kivulini nyuma ya jiko, ugali mkubwa, na alimmiminia bwana afya maji ya kunawa kwa mikono yake miwili, amepiga goti. Bwana afya alikuwa amechemka miguu. Aliyavua mabuti, akayaacha kwenye mlango wa jikoni, akakaa na vidole vyake vyeupe hewani. Mzee naye alikuwepo, kuku akiliwa alikuwa hakosi. Nilimwona shangazi akigawa vipande. Alimpa bwana afya firigisi. Kwetu firigisi haipewi kila mtu, na aliitoa kama mtu anayekabidhi funguo.

Baada ya kula fundi mmoja akaingia ndani kuendelea, na akatoka palepale bila mwiko. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njooni muone."

Ukingoni mwa saruji mbichi, hapo ilipoishia, palikuwa na alama ya kiatu. Moja. Mguu wa kulia, umezama vizuri, kisigino upande wa mlangoni, kidole kimeelekea kaunta. Mbele yake udongo mtupu, nyuma yake saruji laini bila mkwaruzo. Bwana afya alikuja mbio bila viatu, akasimama kwenye mlango wa jikoni, akanyoosha shingo, kwa mtindo wake wa zamani. Alitazama kwa muda mrefu sana kwa mtu aliyesoma.

"Mguu mmoja," akanong'ona.

"Si niliwaambia alikuwa kiguru," mzee akasema. "Lile shimo lililomfukia ndilo lililochukua mwingine." Hakuwahi kutuambia, kwa chupa yoyote. Lakini mpaka kufika jioni machimbo yote yalikuwa yanakumbuka, na kuna waliokumbuka mpaka mkongojo.

Fundi alisema karudi, na karudi na hasira, amekuta anafungiwa mlango. Alikuwa tayari anakusanya vifaa. Wachimbaji waliokuwa wamefika wakamgeukia bwana afya na sura ambazo sijapata kuziona kwa watu wasiodai deni: wakamuuliza kama ni yeye atakayeshuka mashimoni kesho. Bwana afya akavaa buti moja, akaandika ripoti amesimama jua kali, akavaa la pili. Aliandika kwamba sakafu ya saruji upande wa mbele inatosheleza, na upande wa kaunta uachwe kwa ajili ya kupitisha hewa. Akaenda kwenye pikipiki kwa hatua ndefu, kupitia kwenye tope la maji ya kunawia, na kila hatua ya mguu wake wa kulia iliacha chini alama ileile, mistari ileile, ukubwa uleule. Umati mzima ulimsindikiza kwa macho. Hakuna hata mmoja aliyetazama chini.

Basi tukabaki na baa ya vipande viwili. Mbele, saruji ya kijivu ambapo hakuna aliyetaka kukaa, na nyuma, udongo, ambapo wanaume wote walisongamana kwenye kaunta wakijikung'uta kwa nguvu mpya, maana Mgiriki sasa alihitaji kubembelezwa. Vumbi lile liliongezeka. Karai halikurudi. Huenda mpaka leo kuna mama wa Musoma anaoshea vyombo ndani yake na anashangaa kwa nini ni zito. Shangazi alinunua la aluminiamu, akalilalamikia kwamba ni jepesi na lina sauti ya kelele, kama vijana wa siku hizi.

Kuhusu ile alama hakuniuliza kitu. Jumapili iliyofuata nilipokuwa nafunga kamba za viatu, alinigusa bega.

"Leo na wewe unaumwa kichwa," akasema.

Sijawahi kumwambia, wala mtu mwingine. Wakati wao wakila, mimi nilitumwa ndani kuchukua chumvi. Buti la kulia lilikuwa limelala ubavu mlangoni, bado la moto. Nilipita nalo nyuma ya kaunta, nikapiga magoti kwenye udongo wetu, nikanyoosha mikono kadiri ilivyofika, nikaligeuza kidole kinielekee, nikalikandamiza kwa uzito wangu wote, nikahesabu mpaka tano. Lilitoka na sauti ndogo kama busu. Nilifuta soli kwa upande wa ndani wa gauni langu, mstari kwa mstari, mpaka ikawa nyeusi kama mwanzo, nikalirudisha mlangoni, nikalilaza ubavu, vilevile alivyoliacha. Halafu nikawapelekea chumvi.